Meno Matatu ya Mwalimu Rispah

Jumatatu, 14 Julai 2025

Daftari limepatikana. Lilikuwa chini ya godoro la Yusra, limelowa pembeni, na aliyelilowesha namjua. Kurasa za mwanzo bado zina tarehe za kliniki nilipokuwa mjamzito. Nimeziacha.

Nimechoka. Yusra kaamka mara nne. Miezi saba sasa, fizi zimevimba, anauma kila kitu — kidole changu, ushungi wangu, kamba ya neti. Lakini asubuhi nilipomkabidhi kwa shangazi Twaiba alicheka, na mimi nikatoka nyumbani Mwamambi nikiwa mwepesi. Shangazi Twaiba ni shangazi yake Abubakar, mume wangu, si wangu, ila ananilelea Yusra kama mwanawe. Abubakar yuko Wasini, mpishi kwenye mkahawa wa wageni, anakuja Jumapili moja moja. Bila shangazi mimi nisingekuwa na kazi. Nikisahau yote, hilo nisilisahau.

Kazini leo kiboksi kimefika kutoka Mombasa. Swabir wa boda kakileta kifuani, ndani ya jaketi, kama amebeba kifaranga. Ndani ya pamba: meno matatu yaliyoshikana, meupe kama chaki. Zirkonia. Daraja letu la kwanza.

Miaka yote karakana yetu imetengeneza meno ya chuma yaliyovikwa kauri. Nimejifunza kwa chuma. Sasa madaktari wa Diani wanataka zirkonia, maana chuma kinaacha kivuli cheusi kwenye fizi. Mashine ya kukata hatuna, wanatukatia Mombasa. Kazi yetu ni kuvika. Zirkonia ni ngumu ajabu lakini haina uhai, ukiitazama ni kama kipande cha sahani. Kauri ndiyo inayoleta sura ya jino. Ni unga, unakorogwa na maji, unapakwa kwa brashi tabaka kwa tabaka, unachomwa kwenye tanuri. Kupaka si shida. Shida ni hivyo viwili kushikana visiachane.

Fundi Garama, mwenye karakana, kaniambia daraja hili ni langu, yeye atanitazama tu. Nikamuuliza, Fundi, una hakika? Kasema macho yake yamestaafu kabla yake. Huvaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Na yeye mwenyewe ana pengo upande wa kushoto, mwaka wa sita huu. Ukimuuliza anasema meno ya watu ndiyo kazi, lake ni la nyumbani.

Nimerudi nyumbani mikono inanuka maji ya kauri. Yusra kainusa, kapiga chafya.

Jumanne, 15 Julai

Mwenye meno kaja kuchaguliwa rangi. Mwalimu Rispah. Anafundisha gredi ya kwanza shule moja upande wa Kinango. Mwaka jana mpini wa pampu ya kisima ulimponyoka ukamrudi mdomoni. Jino moja la mbele lilianguka pale pale, mawili ya kandoni yakapasuka. Daktari Caroline wa kliniki ya Diani kayachonga hayo mawili yamebaki visiki, na daraja litakaa juu yake. Kwa sasa amevishwa meno ya muda, ya plastiki. Yanacheza.

Rangi naichagua mimi, kwa sababu ya macho ya Fundi. Nikamsimamisha mlangoni kwenye mwanga wa asubuhi, nikamwomba afungue mdomo. Mkono ukaja wenyewe ukafunika. Nikamwomba tena, mkono tena. Akacheka nyuma ya mkono, akasema niusamehe, umezoea.

Halafu akanieleza jambo ambalo limenikaa moyoni. Watoto wa darasa lake siku hizi wakicheka wanafunika midomo. Darasa zima, thelathini na wanane. Hakuwafundisha, wamemuiga tu. Mzazi mmoja kamuuliza, mwalimu, hii ndiyo adabu mpya ya shule?

"Nikaona haya," kasema. "Wao meno yao mazima. Wanayaficha kwa ajili yangu."

Jumamosi ya tarehe 26 ni siku ya wazazi. Atasimama mbele na darasa lake, wanaghani shairi. Anataka siku hiyo wamwone mwalimu wao anacheka mdomo wazi. Hilo tu.

Nikamuuliza anataka meupe sana kama ya kwenye simu? Kasema hapana, anataka yale yale aliyokuja nayo duniani, na hudhurungi yake ya maji ya kisima. Nikampenda papo hapo. Nimechanganya rangi mara tatu mpaka ikakubali.

Jumatano, 16 Julai

Tabaka la kwanza limechomwa, limeshika. La pili pia. Mkono wangu umetulia leo, sijui kwa nini, nimelala saa tatu tu. Fundi kavua miwani, kavaa tena, kageuza daraja huku na huku. Kasema, "Mama Yusra, hili jino la katikati mtu angeliomba mahari."

Kesho ni kung'arisha tu, mchomo wa mwisho.

Kabla hatujafunga kanikalisha. Somo lake naliandika hapa vile alivyolisema. Kwa chuma, tanuri likilia, unafungua, unatoa, kazi imekwisha. Chuma kinapoa haraka pamoja na kauri yake. Zirkonia haiachii joto. Tanuri likilia, unaliacha limefungwa mpaka namba ya joto ishuke chini ya mia tano. Ukifungua mapema, kauri ya nje inapoa na kukaza huku ndani bado kunawaka. Jino litatoka zuri. Hutaona kitu. Lakini kauri imekaa kwa kujivuta, na siku moja mwenyewe anakula muhogo, inabanduka.

"Likilia, ufanyeje?"

"Niliache, Fundi."

"Likilia sana?"

"Niliache sana."

Akacheka, na pengo lake.

Nyumbani shangazi kila alasiri anaosha kidole, anapapasa fizi za Yusra. Namwona anaanzia za chini, anakaa sana huko. Za juu anazigusa upesi upesi kama sufuria ya moto. Nimeelewa anachokiogopa huko. Leo kasema chini bado. Sikumuuliza juu.

Alhamisi, 17 Julai

Fundi alipanda Kwale mapema, mambo ya leseni. Nilikuwa peke yangu, daraja liko tanurini.

Saa nne na nusu shangazi alipiga. Sauti si yake. "Biasha, njoo umtazame mtoto. Njoo sasa." Homa? Kaanguka? Hasemi. "Njoo, si jambo la kusema simuni."

Tanuri likalia.

Nilifungua. Mkono ulifungua, ule ule wa miaka minne ya chuma. Namba ilikuwa mia nane na kitu. Nikalitoa daraja, nikaliweka juu ya kigae, nikakimbia.

Yusra hana neno. Homa kidogo. Jino linachomoza, basi.

Nilirudi saa sita. Daraja zima, linang'aa, halina ufa. Nimeligeuza kwenye taa mara kumi. Halina ufa.

Ijumaa, 18 Julai

Jino ni la juu.

Kwa wazee wa huku mtoto akianza meno ya juu ni kigego, mtoto wa mkosi. Neno lenyewe shangazi hakulisema, kaniambia tu "lile". Kasema enzi za bibi yake mtoto wa hivyo alikuwa hapakatwi na kila mtu. Kasema tusimwambie yeyote mpaka la chini litoke, halafu tutasema yalitoka pamoja. Nani atajua?

Nilimjibu kwa adabu, lakini nilimjibu. Shangazi, mimi kazi yangu ni meno. Nimeona ya juu, ya chini, yaliyopinda, yaliyooza. Sijaona lililoua mtu. Jino la mwanangu halifichwi, na neno lile lisije likasemwa ndani ya nyumba hii hata kwa kunong'ona.

Baadaye akanipikia uji wa pilipili manga ninaoupenda. Sijui ni kuniomba radhi au ni kunikumbusha yeye nani. Niliunywa wote. Simchukii hata kidogo. Jana alitetemeka kwa ajili ya mwanangu, na wangapi wangetetemeka?

Abubakar kwenye simu: jino ni jino, nimpigie picha. Nikapiga. Chembe nyeupe kama punje ya chumvi. Nimeitazama picha hiyo leo mara nyingi kuliko nilivyotazama saa.

Fundi kalitazama daraja jioni. Kasema maashallah, ingawa si Mwislamu. Akauliza, uliacha mpaka mia tano? Nilikuwa napiga deki. Nikasema, "Nilifanya, Fundi."

Nimeandika. Imebaki hapa.

Jumatatu, 21 Julai

Jumamosi na Jumapili sikuandika. Abubakar alikuja, akaleta kaa wawili, akambeba mwanawe kwa saa nzima akimwimbia kwa Kidigo nyimbo za kijinga za kaa na miguu yake. Nililala mchana. Wallahi nililala mchana! Mwanamume akikuacha ulale mchana usimuulize kitu kingine.

Leo Fundi alikuwa na furaha ya lile daraja. Akatoa mkebe wake wa peremende, ule anaouweka juu kabisa ya rafu. Nilidhani mna peremende. Mna meno. Yote yaliyoharibikia mikononi mwake tangu aanze, anayaweka. Kasema mtu akijisifu anafungua mkebe.

Akanionyesha moja. Zirkonia, la kwanza alilolivika, enzi akifanya kazi Mombasa. Kauri imebanduka mbele kama ganda la kome, safi kabisa, na chini yake ile nyeupe ya chaki. Lilikaa kinywani miezi miwili. La bibi harusi. Lilibanduka mezani mbele ya wakwe zake wapya, akifikiri ameuma mfupa.

"Lilitoka zuri," kasema. "Mimi mwenyewe nililibusu."

Na alikuwa amefanyaje, Fundi? Kasema alikuwa na haraka, palikuwa na mechi ya mpira.

Mechi ya mpira. Nikaenda uani kama mtu anayekwenda kumwaga maji. Beseni lilikuwa tupu.

Jumanne, 22 Julai

Swabir kalichukua. Limekwenda Diani. Ijumaa saa nne litagandishwa. Gundi ile ikishika haliachii tena, kulitoa ni kulikata kwa mashine vipande vipande, na visiki vya mwalimu viko ndani.

Swabir kauliza mbona namkabidhi kama simwachii.

Sikusema. Nilikuwa na mdomo na Fundi alikuwa na masikio.

Jumatano, 23 Julai

Leo nilitoka kazini mapema, Fundi kaniona nimechoka. Ananiona kila siku na hasemi, ananituma tu nyumbani kana kwamba ni yeye anayetaka karakana itulie. Nimebahatika na watu, mimi.

Nafika, jirani yetu Bi Shutu yuko barazani, kaja kuomba ndimu. Yusra yuko mapajani kwa shangazi, na shangazi kamfunika uso kwa kanga hadi puani. Joto lile. Mtoto anahangaika, anataka kucheka na mgeni. Bi Shutu anauliza, mtoto ana nini? Shangazi anasema mafua.

Nikamchukua mwanangu. Nikaitoa kanga. Nikasema, shikamoo Bi Shutu, hana mafua, ameota jino. Mtazame. La juu.

Shangazi akafumba macho.

Bi Shutu akavuta miwani, akasogea, Yusra akampa kicheko chote alicho nacho. Bi Shutu akasema, "Haya, kitukuu cha watu. Hata wangu wa tatu alianza juu, nikamficha miezi mitano kwa kanga kama kuku mwenye kideri. Sasa ni dereva wa lori, anakula nyama Mariakani. Nipeni ndimu yangu."

Shangazi alicheka mpaka akajipangusa machozi. Nikamshika bega. Nikajisikia mkubwa, mwenye haki, mama wa kweli.

Ilidumu mpaka nilipokuwa naosha vyombo. Mimi niliyeitoa kanga usoni kwa mwanangu, daraja la Mwalimu Rispah nimelifunikaje? Kwa maneno mawili. Nilifanya, Fundi.

Ndipo nikaona chungu nimekisugua mpaka masizi yote yametoka. Shangazi kauliza kama tuna wageni.

Alhamisi, 24 Julai

Nimesema.

Nilifika kazini kabla ya Fundi, nikaloweka brashi, nikapanga unga, nikafagia mara mbili. Alipoingia hata kofia hakuivua. Nilisema nikiwa nimesimama. Fundi, Alhamisi iliyopita nilifungua tanuri mia nane na kitu. Mtoto, shangazi alipiga simu, nilikimbia. Uliponiuliza Ijumaa nilikuambia uongo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali. Nilikuwa nimejiandaa hata kuambiwa nirudishe ufunguo. Abubakar kule Wasini wageni ni wachache na bahari ya kusi imechafuka, hapa ndipo tunapopumulia. Nilijua yote hayo na nikasema.

Fundi akaketi. Akavua miwani wa kwanza. Akavua wa pili. Bila miwani ana macho madogo, kama mtoto aliyeamshwa.

"Mtoto alikuwa na nini?"

"Jino."

"Jino tu?"

"La juu, Fundi."

"Aa," kasema. Ni Mduruma, kwao pia lipo, hakuhitaji kuelezwa. Halafu akasema kosa la tanuri analijua, liko mkebeni. La Ijumaa ndilo hajui aliweke wapi. Sikulia. Nilikuwa nimeamua sitalia, kwa sababu ningelia yeye angenihurumia, na sikutaka nipewe huruma badala ya haki yangu.

Kisha akasukuma simu yake mezani. "Mpigie Daktari. Wewe."

Daktari Caroline ni mtu wa bara, anaongea haraka, lakini si mbaya. Kwanza hakuelewa. Halafu akaelewa. "Sasa Biasha, unaniambia leo? Hiyo kitu nimeijaribu jana mdomoni, imekaa poa kabisa. Hata yeye amelia kwa kioo."

Nikamweleza. Kauri imekaa kwa kujivuta, haionekani. Inaweza kukaa miaka, inaweza kubanduka mwezi ujao.

"Na mkiirudisha kwa moto?"

Hilo nilikuwa nimelizungumza na Fundi. Likichomwa upya polepole na kupozwa polepole, kauri inalegea, inakaa vizuri. Lakini limeshaingia mdomoni, limekunywa mate, na huenda lina ufa tusiouona. Linaweza kupasuka humo humo tanurini.

"Lipasuke, Jumamosi atasimama na nini?"

Nikasema sijui.

"Mimi ningegandisha," kasema. "Nitamwambia asile mahindi ya kuchoma, basi. Tumpe siku yake."

Nikamwambia — na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, mkubwa — Daktari, naomba usigandishe kabla hajaambiwa. Meno ni yake. Aamue yeye, na mimi nitamwambia mwenyewe.

Nikasikia ile mashine yao inayonyonya mate. Mwishowe kasema sawa, saa tatu kesho atamwondolea yale ya muda, atamsafisha, halafu atamtuma kwangu kabla ya gundi. "Lakini wewe ndiwe utamtazama usoni."

Fundi alisikia yote. Akavaa miwani wake wa kwanza, akavaa wa pili, akaniambia unga wa rangi ya shingoni mwa jino umekwisha, niuandike kwenye orodha. Ndivyo nilivyojua kesho nina kazi. Nilikwenda uani, na safari hii nililia, kidogo, kwa shukrani zaidi ya kitu kingine.

Ijumaa, 25 Julai

Naandika nikiwa kazini. Mikono itulie.

Shangazi alikuwa na miadi ya macho hospitali ya Msambweni, haikuahirishika, kwa hiyo Yusra nimekuja naye mgongoni. Fundi kamtandikia gunia safi nyuma ya mlango. Kasema mwanafunzi mpya ameletwa.

Saa tatu na nusu Mwalimu Rispah akaingia. Swabir kamleta, na kiboksi chetu kiko mkobani mwake. Kajifunga mtandio mpaka chini ya macho. Yale ya muda yametolewa, chini ya mtandio ni visiki viwili na pengo. Nilimpa kiti. Nilikaa chini yake, kwenye kigoda. Nikamweleza yote, tangu simu ya shangazi. Sikuuruka hata mkono wangu.

Hakunikatiza. Ni mwalimu, anajua kusikiliza mtoto akisema kosa. Nilipomaliza akauliza kwa sauti ya ndani ya kitambaa, yakigandishwa leo, kesho yatakuwapo? Nikasema kesho yatakuwapo, nina hakika. Na mwakani? Nikasema mwakani sina hakika. Na yakichomwa? Nikasema yakitoka salama, nitaamini mwakani na mwaka wa kumi. Yakipasuka, kesho hana meno, hata ya muda, maana yale yamevunjika wakati wa kutolewa. Daktari kampigia Fundi kutuambia.

"Jino la katikati limekaa kama langu," kasema. "Juzi nilijiona."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na wewe je? Ungekuwa ni mimi?"

Nilitaka kusema sijui. Ingekuwa rahisi. Nikasema, ningechoma, mwalimu. Lakini mimi sina watoto thelathini na wanane wanaonisubiri kesho.

Alitazama mlangoni kwa muda. Nje kulikuwa na mama anauza viazi karai, anagombana na mbuzi. Halafu akafungua mkoba, akanipa kiboksi mkononi.

"Choma," kasema. "Sitaki waje wanione nikibanduka mbele yao."

Tulilianika kwanza mdomoni mwa tanuri, dakika nyingi, unyevu utoke. Fundi alihesabu kwa sauti kama mwadhini aliyesahau maneno. Kisha tukalipandisha, polepole. Namba ilipofika juu nilikuwa sipumui.

Tanuri likalia. Mkono ulisogea. Niliuona unasogea! Nikaushika kwa mwingine.

Sasa linashuka. Mia nane na arubaini. Nimeketi mbele yake na daftari hili magotini, kitu kingine sifanyi.

Mia saba na sitini. Simu imelia, shangazi. Sikushika. Fundi kashika, kasema yuko foleni, anauliza mtoto amekula? Fundi kasema anakula karakana yangu. Kweli, Yusra katambaa mpaka kwenye ndoo ya chokaa. Mwalimu Rispah kamwahi, kambeba.

Mia sita na tisini. Ilisikika "tik" ndogo ndani ya tanuri. Fundi kanitazama. Nimemtazama. Kasema huenda ni matofali ya tanuri yenyewe, hulia yakipoa. Huenda. Hakuna anayefungua.

Mia sita na thelathini. Bado sijafungua na sitafungua. Ya Rabi, lililomo humo unalijua.

Yusra kaanza kulia njaa, nikataka kuinuka, Mwalimu Rispah kasema kaa, mama, nitambembeleza mimi, ninao thelathini na wanane. Anamrusha juu kidogo kidogo. Mtoto ameng'ang'ania mtandio wake, anauvuta, ushungi wa watu huo! Mtandio umeshuka mabegani. Yusra katia kidole ndani ya lile pengo, kinaingia chote. Katulia, kashangaa. Halafu wote wawili wameangua kicheko, yeye na jino lake la juu, mwalimu na visiki vyake. Mikono yote miwili ya mwalimu imemshika mtoto. Hana wa kufunikia mdomo.

Mia tano na themanini.